Bisibisi Iliingia Mpaka Mpini

Ami, fundi wangu wa magari, alijilaza chini ya gari yangu na bisibisi ndefu mkononi, akagonga chasisi kwa mpini wake. Mbele ilijibu mlio wa chuma. Akajivuta nyuma, pale chasisi inapopanda kupisha ekseli, akagonga tena. Safari hii mlio ukawa wa debe lenye mchanga. Akageuza bisibisi, akasukuma ncha kwa kiganja tu, bila nyundo. Iliingia mpaka mpini.

"Umeona?"

"Nimeona, Ami."

"Basi pakia matofali siku moja tu. Nyuma itafika Wete, mbele itabaki Konde."

Mie nilikuwa nimempelekea gari kwa jambo jengine kabisa. Ilikuwa inachemsha. Kila nikipanda mlima na mzigo, mshale wa joto unapanda na mie, nami Pemba hii niikwepe vipi milima? Anayekuja kwetu mara ya kwanza kutoka Unguja hushangaa: alidhani kisiwa ni kisiwa, kumbe huku ni kupanda na kushuka tangu Mkoani mpaka kwetu kaskazini. Nilitaka nitengenezewe rejeta, nirudi nyumbani kabla ya adhuhuri. Badala yake nikarudi kwa daladala ya namba 602 nimebanwa baina ya ndoo ya dagaa na mwanafunzi wangu mmoja wa darasa la kumi, ambaye aliona haya kuliko mie.

Gari yenyewe ni Toyota Hilux ya 1994, singo kebini, dizeli, injini inayoitwa 3L, ya sentimita za ujazo 2,779. Baba aliinunua ikiwa mtumba kutoka Japani, kwa fedha za msimu mmoja mkubwa wa karafuu. Wenye mikarafuu wanajua kuwa mti huu hauzai sawasawa kila mwaka. Utakuja mwaka matawi yainame kwa mzigo, wachumaji watafutwe mpaka wakosekane, mikeka isitoshe kuanikia; kisha miaka miwili mitatu ya kubabaisha. Ukipita vijijini kwetu unaweza kuhesabu misimu mikubwa kwa kutazama nyumba tu: huu ukuta wa msimu fulani, lile bati la msimu fulani, choo kile kilichoishia kwenye linta ni cha msimu uliokatika kati. Kwetu sisi msimu ule ulitoka gari.

Watu wakaipa jina Kobe. Haina mbio, na kwa kweli haijapata kuwa nazo. Lakini alfajiri ilikuwa Tumbe kupokea samaki, mchana ikenda machimboni kwa mchanga, magharibi ikarudi na majani ya ng'ombe, na usiku wa manane mlango ukigongwa baba alijua ni mzazi wa kupelekwa hospitali ya Wete. Watoto wawili hawakuisubiri Wete. Mmoja nimemsomesha mwenyewe, hesabu, na nasema kwa masikitiko kwamba kuzaliwa ndani ya Hilux hakujamsaidia kitu kwenye sehemu, zile nusu na robo.

Na tena ikichukua mwani.

Hapo ndipo ilipo hadithi ya bisibisi. Kilimo cha mwani kilianza huku Zanzibar mwaka 1989, na kwa pwani zetu kimekuwa kazi ya akina mama zaidi. Maji yakitoka wakati wa bamvua wanaingia baharini, wanafunga vipando kwenye kamba kwa taitai, vikamba vyembamba, na baada ya wiki kama sita wanavuna. Mwani unaovuliwa baharini ni mzito mno, unachuruzika, na baina ya ufuo na uwanja wa kuanikia pana mwendo. Baba aliwabebea. Wengine walimlipa, wengine walimlipa msimu ukija, wengine wakamwombea dua, naye alizipokea zote kwa uso mmoja.

Maji yale ya bahari yalikwenda wapi? Yalipita kwenye nyufa za kitanda cha nyuma, yakaangukia chasisi. Chasisi ya Hilux si chuma kizima. Sehemu yake kubwa ni kama boksi refu lenye uwazi ndani na matundu huku na huku. Maji yanaingia, yanakauka, chumvi inabaki. Na chumvi hata ikikauka hailali: inavuta unyevu kutoka hewani, na hewa yetu unyevu imeujaa. Kwa hiyo kutu inakula kutokea ndani kuja nje. Wewe unapita na brashi ya rangi nyeusi kila Idi, unaona gari inang'aa, kumbe unapaka ganda la yai.

Nilijifariji kidogo kusoma kwamba hata Marekani hayo yamewakuta. Kule majira ya baridi humwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, na mwaka 2016 Toyota ilikubali, kumaliza kesi, kukagua pikapu zake za Tacoma za miaka fulani na kubadilisha chasisi zilizooza. Faraja yenyewe haikudumu. Wao walibadilishiwa. Mie kesi yangu nimshitaki nani, mama zangu wa Tumbe?

Kabla ya chasisi, nimalize la kuchemsha, maana lina aibu yake. Ami alipofungua njia ya maji kichwani mwa injini alikuta mahali pa thamostati pako wazi.

"Nani kaitoa?"

Nikasema sijui. Nilikuwa najua. Aliitoa baba, kwa ushauri wa fundi mmoja wa zamani, kwa ile imani iliyoenea gereji zote kuwa gari ikichemsha thamostati ndiyo mchawi. Thamostati ni mlango tu. Injini ikiwa baridi unafunga ili ipate moto upesi. Ikifika nyuzi joto 80 na kitu unafunguka, maji yakenda kupoa kwenye rejeta. Ukiutoa, injini ya dizeli inafanya kazi muda mrefu ikiwa baridi, inakula mafuta zaidi na inajisaga yenyewe. Na ugonjwa wa asili uko palepale. Wetu ulikuwa kwenye rejeta. Miaka yote tumeitia maji ya kisima, na kisima chetu kina chumvichumvi. Chai yake unaijua kabla hujaambiwa. Fundi wa rejeta alipoifungua alikuta mirija imeziba kwa ukoko mweupe kama sufuria ya kuchemshia maji. Akaipitisha waya mrija mmoja mmoja, akaifunga. Ami akatia thamostati mpya, akanikataza maji ya kisima maisha. Sasa nina pipa chini ya mfereji wa bati, maji ya mvua, la gari. Mke wangu hanisemi, ila kila akipita na ndoo yake kwenda kisimani hulitazama lile pipa, kisha hunitazama mie.

Hayo yote yalikula shilingi 260,000 na hayakuniumiza. Cha kuuma ni chasisi.

Kaka yangu yuko Muscat. Nilimtumia picha ya tundu la bisibisi, akanirudishia sauti ya dakika nne. Ukiondoa salamu na masuala ya mvua, ujumbe ulikuwa mmoja: uza kwa kilo, tutachanga, tununue nyengine. Alisema nang'ang'ania gari kwa sababu ya baba. Neno lile lilinikaa rohoni siku mbili, maana sikujua kama ni kweli. Siku ya tatu nikaenda kwa mama. Nilijiandaa kwa machozi. Nilimkuta anachambua karafuu, anatenga makonyo, vile vikonyo vyake, hata kichwa hakuinua.

"Kwani gari ndo baba'ako? Baba'ako tumemzika, gari iko gereji. Ikikufaa iweke, isipokufaa iuze. Mie usinitie kwenye hesabu zako."

Kisha, baada ya muda, akaongeza: "Na mwenyewe alikuwa akitaka Peugeot."

Basi nikabaki na hesabu tupu, na hesabu ndiyo kazi yangu. Nikachukua ruhusa, nikapanda meli Mkoani, nikenda Unguja kutazama magari.

Yadi ya kwanza waliniwekea mbele Hilux Vigo, ndugu mdogo wa Kobe, dabo kebini, nyeupe, imeoshwa mpaka tairi. Shilingi milioni 38, na kijana wa yadi akasema maongezi yapo. Niliuliza kwa nini Hilux za miaka ile ni ghali hivi wakati gari nyengine za rika lake zimeshuka bei. Hakujua, au hakuona haja. Sababu mojawapo niliijua mie: Toyota iliacha kuuza Hilux ndani ya Japani mwaka 2004 na haikurudi mpaka 2017. Sisi tuliozoea kula makombo ya Japani, kwa pikapu hii makombo yalikatika miaka 13. Vigo nyingi zenye usukani wa kulia zinatoka Thailand, zinakotengenezwa, na Mthailand naye anaitumia gari yake mpaka aichoke.

Nikaomba boneti ifunguliwe. Kwenye Kobe ukifungua boneti unaona kila kitu, na baina ya injini na bodi unaweza kupitisha mkono mpaka chini ukaokota spana iliyoanguka. Hapa niliona plastiki. Chini ya plastiki mna dizeli ya kisasa, ile inayosukuma mafuta kwa mgandamizo unaozidi mara 1,000 wa hewa tunayovuta, na nozeli zinazofunguliwa kwa umeme kwa amri ya kompyuta. Ni injini nzuri, sitaki kuidhulumu: ina nguvu mara mbili, haivuti moshi, na mafuta inakula kwa adabu. Lakini matundu ya nozeli zile ni membamba kupita kiasi na hayataki tone la maji wala chembe ya vumbi. Na dizeli yangu mie, siku nyingi, inatoka kwenye dumu, kwa muuzaji wa njiani, kwa mrija aliouvuta kwa mdomo.

Injini ya 3L haina habari na hayo. Ikishawaka, umeme inaouhitaji ni wa waya mmoja tu, ule unaoshikilia vali ya dizeli iwe wazi. Altaneta ikifa mchana unakwenda nyumbani kwa betri iliyobaki. Pampu ya mafuta inazungushwa na injini yenyewe. Nozeli ikichoka inafunguliwa, inapimwa, inarudi. Ugonjwa wake unausoma kwa moshi: mweusi, mafuta yanazidi hewa au filta imeziba, wa samawati, inakula oili, mweupe usiokwisha, tazama maji. Ami hajui kusoma kompyuta na hajidai. Vigo ikiniharibikia kweli, fundi wake yuko ng'ambo ya maji, na gari isiyotembea kuipandisha melini ni shughuli ya watu kumi.

Huko yadini ndiko nilipojua kuwa nilichokuwa nakilinganisha si gari mbili. Upande mmoja ni gari. Upande mwengine ni gari pamoja na Ami, pamoja na fundi wa rejeta, pamoja na duka la spea la mjini Chake Chake ambalo nikitaja "breki shuu za Kobe" muuzaji ananyoosha mkono bila kutazama. Milioni 38 hazinunui hao.

Nikatazama na kirikuu, ile pikapu ndogo ya Kijapani. Usicheke, nilitazama kwa dhati. Injini ya petroli ya sentimita za ujazo 660, urefu hauzidi mita 3.4 kwa sheria ya Japani, bei niliyopewa milioni 12. Spea zimejaa, na kijana yeyote anayejua kufungua pikipiki haiogopi. Japani wanairuhusu kubeba kilo 350. Huku kwetu kilo 350 ni abiria na mizigo yao midogo, bado bidhaa. Kwa karafuu kavu ingenitosha, kwa safari nyingi. Ila nilipoviona vile viringi vyake vidogo nikauona na ufuo wa Tumbe, nikajiona nimezama mchangani na wanawake wote wa mwani wamesimama viunoni wananitazama. Sikuuliza tena. Kununua Dar nako kuna ngoma yake, namba ya T ya bara iwe ya Z ya Zanzibar, na karatasi za bandari mbili, nikaliacha.

Nilirudi Pemba na swali moja kwa Ami. Nilimwuliza kwa nini tusilete chasisi nzima ya mtumba kutoka Dar. Nilishapata bei, milioni mbili na nusu kabla ya meli. Akanichukua mpaka mbele ya gari, upande wa kulia, akasugua uchafu kwa kidole gumba. Chini yake zikatokea namba zilizogongwa kwenye chuma.

"Hii ndo gari yako, mwanangu. Iliyoandikwa kwenye kadi ni hii. Ukileta chasisi nyengine umeleta gari nyengine, ukaanze kuieleza wewe."

Kisha akasimama, akachukua chaki, akachora mstari kwenye chasisi, nyuma kidogo ya boksi la usukani.

"Nyuma ya hapa nachomelea. Mara mbili, mara tatu, Mungu akipenda. Mbele ya hapa, panaposhika usukani na miguu ya mbele, sigusi. Pakioza hapa usiniletee. Peleka kwa wanunuzi wa chuma."

Nilihisi kama mtu aliyeondolewa mzigo. Kaka alikuwa akinambia niuze leo, roho ilikuwa ikinambia nisiuze abadan, na hakuna hata mmoja aliyenipa alama ya kutazama. Sasa ninayo, mstari wa chaki, na mwisho wa kila mwezi naingia chini na bisibisi kuugonga.

Kazi ilichukua siku tano, tatu za kufanya na mbili za kusubiri umeme. Ami hakuwa na haraka. Umeme ulipokatika alikaa kwenye tairi akatusimulia enzi za jenereta za umeme za Wesha, kabla waya wa chini ya bahari haujaletwa kutoka Tanga mwaka 2010, alivyokuwa akiamka usiku kuchomelea wakati watu wamezima taa na nguvu imepanda kidogo. Siku ile tulikatikiwa kwa muda wa saa nane, akasema hii ni starehe.

Kwanza alivua kitanda cha nyuma. Kikaondoka kwa wepesi uliotutisha, boliti mbili kati ya sita zilikuwa kutu tupu. Kisha akakata chuma kilichooza mpaka akakuta chuma kinachong'aa. Nilidhani atabandika bati juu ya tundu, kama nilivyoona kwa wengine. Akanikaripia. Alikata sahani za milimita tano na ncha zake akazichonga mshazari, kama omo ya jahazi, si mkato wa moja kwa moja. Ukichomelea mstari uliosimama wima, alisema, umeionesha chasisi mahali pa kukatikia: gari ikirukaruka inakunjika palepale pembeni ya weldi. Mshazari unagawa uzito. Kabla ya kugusa mashine alifungua betri na altaneta, umeme wa kuchomelea usije ukapita huko ukaiunguza. Hanga za springi akazitengeneza upya zote mbili, ingawa moja niliiona nzima.

"Nzima kwako," akasema.

Mwisho akatoboa matundu manne chini ya chasisi, sehemu za bondeni kabisa maji yanapotuama, mapana kiasi cha kidole. Akajaza oili chafu kwenye bomba la kupulizia dawa, akaipuliza ndani mpaka ikachuruzika mchangani. Alitaka laki nane. Tukamalizana kwa 720,000 na samaki changu wawili wakubwa, ambao aliwachagua mwenyewe.

Kaka nilimpigia. Hakukasirika, alisema tu kuwa nimenunua miaka miwili. Nikamwambia ndivyo, na kwa miaka miwili hiyo nitaweka 150,000 kila mwezi, akitaka kuongeza, si mie niliyesema ni haramu. Nikipiga hesabu inakuja 3,600,000, nayo haifiki hata robo ya Vigo. Kirikuu ingefika, kama naye angetia mkono. Sijamwambia habari ya viringi.

Wiki mbili baadaye ilikuwa bamvua. Nilikuwa nimeshaamua mwani basi; karafuu, samaki kwenye makasha, mchanga, lakini mwani mbichi basi. Asubuhi wakaja watatu uwanjani, mmoja wao alinibeba mgongoni nilipokuwa mdogo. Hawakuomba. Walisimama tu wakaitazama gari, wakasifu rangi, wakaniuliza hali ya mama. Kisha yule aliyenibeba akasema, "Maalim, tusikie imepona."

Nikatandika turubali kitandani, nikalikunja pembe ili maji yatokee nyuma kabisa, nikashuka Tumbe. Tulikwenda safari nne. Turubali lilizuia kadiri ya turubali. Safari ya tatu lilipasuka kwenye kona, na nikasikia maji yakitiririka chini, kule kule.

Jioni nilitaka kuiosha. Maji ya kisima ni ya chumvi, ya pipa ni ya rejeta, nayo yalikuwa yamebaki chini. Nikaisukuma gari mpaka katikati ya uwanja, mbali na mwembe, nikaiinua mbele kwa jeki na kutia mawe chini ya tairi, nyuma ikainama. Mke wangu aliniuliza nafanya nini saa ile. Nikamwambia nangoja vuli.

Ilikuja baada ya saa saba za usiku, nzito, yenye upepo. Nilitoka na tochi nikaingia chini ya bati la jiko nikammulika Kobe. Matundu ya Ami yalikuwa yanatoa maji yote manne, mwanzo mekundu, kisha ya rangi ya chai, na nilipochovya kidole kwenye la mwisho nikalamba, bado chumvi ilikuwamo. Nikaongeza jiwe jengine, nikasimama pale kusubiri.